Uzi: Baruapepe ya biashara ndogo. Kabla ya kuchagua kampuni, hakikisheni domeni ni yenu

Mwanzisha uzi:

Wakuu, salaam. Swali la "nina biashara ndogo, tuko watu wanne au watano, nichukue huduma gani ya baruapepe" nimeulizwa mara nyingi mno, na kila mara naona majibu yanakimbilia majina: chukua Google, hapana chukua Microsoft, Zoho ni nafuu. Majina nitayafikia. Lakini kuna jambo linalotangulia, na mimi nililijua kwa kuumia.

Nilikuwa na ofisi ya watu watano ya kuchora ramani za majengo. Tovuti tulitengenezewa na fundi mmoja mzuri sana, kazi safi, na kwa kuwa hatukujua lolote, tulimwachia yeye asajili domeni, yaani lile jina la tovuti ambalo kwenye baruapepe linakaa baada ya alama ya @. Akaisajili kwa jina lake na kwa baruapepe yake binafsi. Hakuwa na nia mbaya, ndivyo alivyozoea kuwafanyia wateja wake wote. Miaka ikapita, akabadilisha kazi, ile baruapepe yake ya zamani akaacha kuifungua. Taarifa za "domeni yako inakaribia kuisha muda" zikawa zinaingia humo, hakuna wa kuzisoma.

Jumatatu moja kukawa kimya. Hakuna kengele iliyolia, hakuna ujumbe wa hitilafu. Barua hazikuingia tu. Tukadhani wateja wametulia. Jumatano mteja akapiga simu: "Mbona barua zangu zote zinarudi? Mmefunga ofisi?" Ndipo tukafungua tovuti yetu na kukuta ukurasa wa matangazo ya msajili, yaani kampuni ambako domeni husajiliwa na kulipiwa. Nikawapigia msajili, wakanijibu kwa adabu kabisa kwamba wao wanamtambua mtu aliye kwenye kumbukumbu zao, na mtu huyo si mimi. Niwaonyeshe cheti cha usajili wa biashara, niwaonyeshe ankara za miaka mitatu zenye jina hilo, haikusaidia. Tulimtafuta yule fundi siku mbili. Tulipompata alilipa na kutukabidhi siku hiyohiyo, na kwa hilo namshukuru mpaka leo. Angekuwa hapatikani kabisa, jina tulilolijenga miaka yote lingeondoka.

Kwa domeni kama za .com, muda ukiisha msajili anaweza kukuachia nafasi ya kulipia ya hadi siku 45, kila msajili na utaratibu wake. Ikifutwa baada ya hapo, kuna siku 30 za kukombolewa, na ukombozi una gharama ya ziada juu ya ada ya kawaida. Kisha siku 5, halafu jina linarudi sokoni na yeyote anaweza kulichukua. Akilichukua mwingine, barua zote zinazotumwa kwenye anwani zenu za zamani zinaweza kuingia kwake. Nenosiri za benki, za kodi, za kila mahali mlipojisajili kwa anwani hiyo, anaweza kuomba zibadilishwe na kiungo kikaja mikononi mwake. Hili ndilo linalonifanya niseme wazi kabisa: huduma ya baruapepe mnapanga, kama chumba. Anwani ndiyo mali.

Kwa hiyo, kabla hamjafungua ukurasa wa bei wa kampuni yoyote: akaunti ya msajili iwe ya biashara, wenye kuingia wawe angalau wawili, uthibitisho wa hatua mbili (nenosiri pamoja na kithibitisho cha pili, kwa mfano namba ya kwenye simu) uwashwe, malipo ya kujirudia yawashwe na mtu akumbuke tarehe ambayo kadi ya benki itaisha muda. Na hili wengi hawalifikirii: anwani ya mawasiliano mliyompa msajili isiwe ndani ya domeni hiyohiyo. Domeni ikifa, taarifa ya kwamba imekufa haiwezi kukufikia kupitia yenyewe.

Mkiwa na domeni na mkiwa na ufunguo wa DNS yake, yaani daftari la mtandaoni linaloonyesha tovuti na barua za jina hilo ziko wapi, kampuni ya baruapepe inakuwa jambo dogo. Kwenye DNS kuna rekodi ya MX, inayosema "barua za jina hili zipelekwe seva fulani". Ukibadilisha rekodi hiyo, umehama. Wateja hawaoni chochote, anwani ni ileile. Mimi nimehama mara tatu na hakuna mteja aliyejua.


Mdau wa kwanza:

Asante mkuu kwa somo. Ila mimi natumia Gmail ya bure, jina la biashara halafu gmail.com, mwaka wa sita sasa. Wateja wanalipa, kazi zinaenda. Kwa biashara ya watu wawili kweli kuna haja ya kulipia kila mwezi?


Mwanzisha uzi:

Mkuu, kama mko wawili na nyote ni wenye biashara, hamtakufa. Sitakudanganya kwamba mteja anakimbia kwa sababu ya gmail.com.

Tatizo linakuja siku mtu wa tatu anapoingia. Akaunti ya bure ni ya mtu, haina mwajiri. Mfanyakazi ukimwambia afungue akaunti ya "mauzo ya fulani" kwa gmail.com, akaweka simu yake kama namba ya uokoaji, siku akiondoka ameondoka na mazungumzo yote na wateja, na hakuna mahali pa kulalamika. Ukimpa nenosiri la akaunti yako mtumie wote, kila anayeondoka ni lazima ubadilishe, na huwezi kujua nani alijibu nini.

La pili: mtu yeyote anaweza kufungua anwani inayofanana na yako kwa tofauti ya herufi au tarakimu moja na kumwandikia mteja wako. Mteja atajuaje? Ukiwa na domeni yako, angalau una kitu cha kumwambia: "Barua yetu yoyote inaishia na jina hili, kinyume chake usilipe." Na akaunti ya bure ina kikomo cha kutuma cha watu 500 kwa siku, kwa Workspace, yaani Gmail ya kulipia ya biashara, ni barua 2,000. Kwa wawili haikuhusu, lakini siku ukiwatangazia wateja wote bei mpya utaigonga hiyo dari.

Ushauri wangu: sajili domeni hata leo, hata kama utaendelea na Gmail mwaka mzima. Jina ni rahisi kulipata kabla hujajulikana.


Mdau wa pili:

Majina mkuu, majina! Tunasubiri. Na hii baruapepe inayokuja bure pamoja na tovuti mbona hujaitaja? Mimi nimepewa masanduku 50 bure na kampuni inayohifadhi tovuti yangu.


Mwanzisha uzi:

Nianze na hilo la mwisho kwa sababu ndilo lenye madhara ya kimyakimya.

Seva ya tovuti ya bei ndogo mnakaa wateja wengi kwenye anwani moja ya IP, yaani namba inayoitambulisha seva mtandaoni. Jirani yako mmoja tovuti yake ikidukuliwa ikaanza kumwaga barua taka, anwani hiyo inaingia kwenye orodha nyeusi za watuma barua taka, kama za shirika la Spamhaus, na barua zako nawe zinakataliwa kwa kosa usilolifanya. Halafu nafasi ya diski mara nyingi ni moja kwa tovuti na baruapepe. Umepakia picha za bidhaa, diski imejaa, barua zinakataa kuingia. Seva ikizimika, tovuti na barua vimekwenda pamoja, yaani huna hata njia ya kumwandikia mteja kwamba tovuti ina shida. Masanduku 50 ya bure ni mengi kuliko unayoyahitaji. Unahitaji manne ambayo barua zake zinafika.

Sasa majina, na haya ni maoni yangu kwa nilivyotumia na nilivyosaidia wengine kutumia.

Google Workspace ni Gmail ileile mnayoijua, kwa domeni yenu, na msimamizi anayeweza kufungua na kufunga akaunti za watu. Mpango wa chini una GB 30 kwa kila mtu, na GB hizo ni za barua na mafaili kwa pamoja. Nguvu yake kubwa ni utafutaji na kuchuja barua taka. Kama watu wako wameshazoea Gmail kwenye simu, hutapoteza hata saa moja kuwafundisha.

Microsoft 365 naishauri pale ambapo kazi yenyewe ni Excel na Word kutwa nzima, na watu wanaishi ndani ya Outlook. Ina kitu kimoja ninachokipenda kwa ofisi ndogo: sanduku la pamoja. Unatengeneza mauzo@ au ankara@, watu watatu wanaliona na kulijibu, na halilipiwi kama mtumiaji wa ziada. Kwa upande wa Google, kila mtumiaji anaweza kupewa hadi majina 30 ya ziada (anwani nyingine zinazoingia kwenye sanduku lake lilelile) bila malipo, na kwa kazi ya pamoja unatumia kikundi, yaani anwani moja inayowafikia watu kadhaa. Kinafanya kazi, ila kwa maoni yangu sanduku la Microsoft ni rahisi zaidi kulielewa.

Hapa naomba niseme kwa msisitizo: msinunue mtumiaji kwa kila anwani. Nimeona ofisi ya watu watatu inalipia watumiaji tisa kwa sababu kuna info@, mauzo@, msaada@, kazi@ na kadhalika. Mtumiaji ni mtu. Anwani ya kazi ni jina la ziada au sanduku la pamoja.

Zoho Mail ni nafuu na si ya kudharau. Ina mpango wa bure kwa timu ndogo, ila kwenye huo wa bure hupati IMAP, njia inayoruhusu programu nyingine kusoma sanduku lako, maana yake husomi kwa Outlook wala Thunderbird, ni kwenye tovuti yao na programu yao ya simu tu. Kwa anayeanza bila mtaji, hiyo si dosari kubwa.

Fastmail ni ya Australia, iko tangu 1999, na inajikita kwenye barua, kalenda na orodha ya anwani za watu. Hakuna uandishi wa nyaraka wala mikutano ya video. Mtu asiyetaka mzigo wa mengine ataipenda. Proton na Tuta, za wanaotaka usiri zaidi, ni habari nyingine, tutazungumza akijitokeza wa kuuliza.

Ukinilazimisha niseme moja kwa mtu nisiyemjua: angalia watu wako wanafungua nini asubuhi. Wakifungua Gmail, Google. Wakifungua Excel, Microsoft. Tofauti zao nyingine kwa ofisi ya watu watano hazitakunyima usingizi.


Mdau wa tatu:

Mkuu mimi nina huduma ya kulipia, nimelipa, nimeweka MX, barua zinaingia vizuri. Lakini ninazotuma mimi zinaingia kwenye barua taka kwa wateja. Nimewapigia huduma kwa wateja wameniambia kwao kila kitu kiko sawa. Nimechoka.


Mwanzisha uzi:

Pole ndugu yangu. Hili limenikuta na nakumbuka kila hatua, ngoja nikueleze taratibu.

Tulipohamia huduma nzuri tulifurahi, tukaweka MX, tukaweka na SPF, DKIM na DMARC kama mwongozo ulivyosema (herufi hizi nazieleza hapo chini). Baada ya wiki tatu, mhasibu wa mteja mmoja mkubwa akasema hajaona ankara yetu hata moja. Nikamwomba atafute kwenye barua taka. Zilikuwepo zote, nne, zimepangana. Barua zangu za kawaida kwake zilikuwa zinafika, ankara tu ndizo zilikuwa zinatupwa.

Nikajitumia ankara moja kwenye Gmail yangu binafsi, nikaifungua kwenye kompyuta, nikabonyeza zile nukta tatu, nikachagua kuiona katika umbo lake asili. Yanatokea maandishi mengi ya kutisha. Tafuta mstari unaoanza na Authentication-Results. Wangu ulisema hivi: spf=softfail, dkim=none, dmarc=fail, yaani ya kwanza imetiliwa shaka, ya pili haipo, ya tatu imeshindwa. Pembeni ya softfail kulikuwa na anwani ya IP. Nikaitazama: ni ya seva ya tovuti yetu. Programu ya ankara ilikuwa imefungwa kwenye tovuti na ilituma barua yenyewe moja kwa moja, kwa jina letu, bila kupitia huduma mpya. Sisi kwenye SPF tulikuwa tumeandika huduma mpya peke yake.

Kwa wasiozijua hizi herufi: SPF ni orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lenu. DKIM ni sahihi ya kidijitali inayowekwa kwenye kila barua, mpokeaji anaihakiki kwa ufunguo ulioko kwenye DNS yenu. DMARC ni agizo lenu kwa mpokeaji: barua ikija kwa jina letu na haikupita SPF wala DKIM inayolingana na jina letu, ifanyeni hivi, na mtuletee ripoti. Maagizo ni matatu: iachwe ipite, iwekwe kando, au ikataliwe.

Tiba yetu ilikuwa kuiambia programu ya ankara itume kupitia akaunti ya huduma mpya badala ya kutuma yenyewe. Siku hiyohiyo mstari ukasoma pass, yaani imepita, mara tatu.

Kwa hiyo ndugu, kaa na karatasi, andika kila kitu kinachotuma barua kwa jina lako: fomu ya tovuti, programu ya ankara, programu ya matangazo kwa wateja, hata mashine ya kuskani ya ofisi. Kisha angalia makosa mawili ambayo nayaona karibu kila mahali. La kwanza, rekodi mbili za SPF. Mtu anaongeza ya huduma mpya bila kufuta ya zamani. Sheria ni rekodi moja tu kwa domeni, zikiwa mbili ni hitilafu na zote hazihesabiki. Ziunganishe ziwe mstari mmoja. La pili, kudhani DKIM inajiwasha. Kwenye huduma nyingi unatakiwa utengeneze ufunguo kwenye ukurasa wa msimamizi, uubandike kwenye DNS, halafu urudi kubonyeza kuiwasha. Watu wanafanya hatua mbili za mwanzo na kusahau ya tatu.

Haya hayakuwa na uzito huu zamani. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wameyafanya masharti. Kwa Gmail, kila anayetuma lazima awe na SPF au DKIM, na anayetuma barua 5,000 kwa siku au zaidi awe na zote tatu, na malalamiko ya barua taka yasifikie asilimia 0.3. Microsoft nao wakafuata 2025 kwa wanaotuma kwa wingi kwenda anwani za Outlook.com.

Niletee huo mstari wako tuutazame. Futa majina ya watu kwanza.


Mdau wa tatu:

Nimeangalia. dkim=none. Na SPF ziko mbili kama ulivyosema, moja ya kampuni ya tovuti, moja ya huduma mpya. Naunganisha sasa.


Fundi seva:

Salaam wakuu. Mimi natofautiana kidogo. Nina seva yangu ya barua, naiendesha kwa programu za Postfix na Dovecot, mwaka wa nane, watumiaji bila kikomo, data yangu iko kwangu. Mnawafundisha watu kulipa kila mwezi milele kwa kitu ambacho itifaki yake, SMTP, yaani kanuni za kutuma barua, iko wazi kwa wote tangu 1982.


Mwanzisha uzi:

Mkuu, heshima yako. Miaka minane si mchezo, na watu kama wewe ndio mnaofanya baruapepe isiwe mali ya kampuni mbili.

Lakini tujiulize nani anasoma uzi huu. Ni mtu mwenye duka la mitandaoni, mwenye ofisi ya mahesabu, mwenye karakana. Wewe ukiona anwani yako ya IP imeingia orodha nyeusi usiku wa saa nane unajua pa kwenda. Yeye atajua asubuhi ya tatu, mteja akimpigia. Wewe unasasisha seva kila kukitoka marekebisho ya usalama. Yeye ataajiri kijana aisimike, kijana ataondoka, na seva itakaa miaka miwili bila kuguswa. Nimeona hilo na lilikwisha vibaya.

Kwa mwenye ujuzi na mapenzi, sawa kabisa. Kwa mwenye biashara nyingine ya kuendesha, alipie.


Mhasibu:

Naomba nichangie upande wangu maana ndiko fedha zinakotokea. Mwaka jana msambazaji wetu alidukuliwa sanduku lake la barua. Jamaa hawakutuma chochote, walikaa wanasoma. Ilipofika ankara kubwa wakajibu ndani ya mazungumzo yaleyale, lugha ileile, sahihi ileile, wakabadilisha namba ya akaunti ya benki tu. Nilinusurika kwa sababu nilipiga simu kuuliza mbona benki imebadilika. Huduma ipi inazuia hili?


Mwanzisha uzi:

Mhasibu, ulichofanya wewe, kupiga simu, ndicho kinga iliyo bora kuliko yote nitakayoandika. Upige kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani, usipige ile iliyoandikwa kwenye barua hiyo.

Wadau msidhani ni uzembe wa wadogo. Kati ya 2013 na 2015 raia wa Lithuania, Evaldas Rimasauskas, alijifanya kampuni ya vifaa ambayo Google na Facebook walikuwa wananunua kwake, akawatumia ankara za uongo, nao wakalipa. Zaidi ya dola milioni 100. Alihukumiwa Marekani mwaka 2019, miaka 5 jela. Hao ndio wenye wahandisi wa usalama wasiohesabika. Na FBI katika ripoti yake ya 2023 walipokea malalamiko 21,489 ya ulaghai wa baruapepe za biashara, hasara ya zaidi ya dola bilioni 2.9.

Kwa upande wa huduma, angalia kama msimamizi anaweza kulazimisha uthibitisho wa hatua mbili kwa kila mtu, bila hiari. Google na Microsoft wote wanaweza. Kisha angalia kanuni za kupeleka barua mbele kwa siri: mdukuzi akiingia, kitu cha kwanza anachofanya mara nyingi ni kuweka kanuni ya kwamba kila barua yenye neno "ankara" ipelekwe kwake na ifichwe kwenye folda usiyoifungua. Ukibadilisha nenosiri bila kufuta kanuni hiyo, anaendelea kusoma. Mara moja kwa mwezi fungua mipangilio ya kila sanduku utazame. Ni dakika tano.

Na DMARC ikishakaa sawa, ripoti zikionyesha barua zenu halali zote zinapita, pandisheni agizo hadi "ikataliwe". Hapo mtu hawezi tena kutuma kwa jina lenu lenyewe na barua ikapokewa na wanaoheshimu agizo hilo. Atabaki na kutumia jina linalofanana.


Mdau wa nne:

Tunafanya kazi za kisheria, siri za wateja ni kila kitu. Umetaja Proton na Tuta ukapita. Tufafanulie.


Mwanzisha uzi:

Proton ni ya Uswisi, ilianza 2014 kwa watu waliokutana CERN, kituo cha utafiti wa fizikia. Tuta ni ya Ujerumani, zamani ikiitwa Tutanota. Zote zinahifadhi barua zikiwa zimefungwa kwa ufunguo ambao kampuni yenyewe haina. Hilo ni la kweli na lina thamani kwa kazi yenu.

Mjue mipaka yake. Barua ikitoka kwenu kwenda kwa mteja mwenye Gmail bila nenosiri maalumu, kwake inafika wazi kama barua nyingine. Ulinzi kamili ni pale pande zote mbili ziko kwenye huduma hiyo, au mkitumia barua ya nenosiri. Na programu mlizozoea zinapata taabu: Proton inahitaji programu yake ya daraja kwenye kompyuta ili Outlook isome, na hiyo ni ya wanaolipia, Tuta haitumii IMAP kabisa. Kabla ya kuhamisha ofisi nzima, mmoja wenu aishi nayo wiki mbili na kazi halisi.


Mdau wa tano:

Mimi nimeamua kuhama, ila nina barua za miaka saba kwenye seva ya zamani. Naogopa kupoteza. Inafanyikaje?


Mwanzisha uzi:

Kwanza angalia kompyuta za zamani zinasoma barua kwa njia ya POP au IMAP. POP kwa kawaida inashusha barua na kuzifuta kwenye seva, kwa hiyo huenda miaka yako saba haiko kwenye seva, iko kwenye kompyuta moja ya mezani yenye vumbi. Nimeshuhudia mtu akiifomati kompyuta hiyo. Fanya nakala ya akiba ya kila mashine kabla hujagusa kitu.

Siku moja kabla ya kuhama, shusha TTL ya rekodi ya MX, yaani muda ambao seva nyingine zinaikumbuka kabla ya kuiangalia upya, iwe sekunde 300, ili mabadiliko yaenee haraka. Tengeneza akaunti zote na majina yote ya ziada kwenye huduma mpya kabla, hata lile la zamani ambalo unadhani hakuna anayelitumia. Badilisha MX Ijumaa jioni. Barua zilizo njiani usiwe na hofu nazo sana, seva inayotuma ikishindwa kwa muda huendelea kujaribu kwa siku kadhaa. Barua za zamani zihamishe kwa IMAP, huduma nyingi zina chombo chake, na kuna programu ya imapsync kwa wanaopenda kuandika amri. Kalenda na orodha ya anwani haviendi kwa IMAP, hivyo vihamishe peke yake. Ya zamani usiifute kwa mwezi mzima, kuna seva za wavivu zitaendelea kupeleka huko.

Baada ya kuhama weka nakala ya akiba nje ya huduma. Akaunti ya mtu ikifutwa kwenye Workspace una siku 20 za kuirudisha, Microsoft siku 30. Mfanyakazi akiondoka usikimbilie kufuta: badilisha nenosiri, ondoa vifaa vyake vyote, barua zake zikabidhiwe mtu, kisha ndipo ufikirie kufuta.


Mgeni:

Habari zenu wakuu. Nimesoma uzi wote tangu mwanzo kwa sababu nilitaka kuuliza Google au Zoho. Badala yake nimekwenda kutazama domeni yetu imesajiliwa kwa nani. Ni binti aliyetuchorea nembo. Hatujazungumza tangu mwaka juzi. Inaisha muda baada ya siku 19.


Mwanzisha uzi:

Mpigie leo, usimwandikie. Usimtishe na usimlaumu, mara nyingi hata hakumbuki. Mwombe mambo mawili kwa mfuatano huu: kwanza alipie mwaka mmoja leo, mrudishie fedha yake papo hapo, ili siku 19 zisiwe tena tatizo. Pili, fungueni akaunti ya biashara kwa msajili huyohuyo, naye aisogeze domeni kutoka akaunti yake kuja yenu. Kwa wasajili wengi kusogeza ndani ya nyumba moja ni haraka kuliko kuhamia msajili mwingine. Kuhama kwenda kwingine mtafanya baadaye mkitaka. Kabla hajabonyeza, piga picha ya rekodi zote za DNS zilivyo sasa.


Mgeni:

Amepokea. Kweli alikuwa hakumbuki, ameomba radhi. Anatafuta nenosiri la akaunti sasa hivi, mimi nafungua yetu. Google au Zoho nitarudi kuuliza wiki ijayo.